SOMO: Kupaka sila zege jipya la njia ya gari kabla ya masika

Kila Februari naulizwa jambo hilihili la sila, yaani dawa inayopakwa kuzuia maji yasipenye zege, wengine saa tano usiku. Naandika mara moja, someni.

Hatua ya 1: Subiri siku 28 tangu zege limwagwe. Siku 7 za mwanzo limwagilie maji, lisikauke. Masika huanza Machi, kwa hiyo uliyemwaga juzi, sila yako ni ya Juni.

Hatua ya 2: Fagia, sugua kwa sabuni ya unga, suuza mpaka povu liishe.

Hatua ya 3: Ziba nyufa. Sila haizibi ufa.

Hatua ya 4: Kausha. Hapa ndipo nilipoumbuka. Niliosha Jumamosi, Jumapili mchana zege jeupe pee, unaweza kulikalia na kanzu. Nikapaka ile ya akriliki inayong'aa, inayoacha ngozi juu. Wiki ya pili yakatoka mabaka kama maziwa yaliyomwagika: maji yalibaki ndani, yakakosa pa kutokea. Ndoo nzima ikaenda na maji! Siku hizi nakata nailoni ya mita moja, nabandika kingo zote nne kwa selotepu, naiacha hadi kesho yake. Ukikuta jasho chini yake, au zege limekolea rangi, USIPAKE. Jua la Dar linakausha juu tu. Fundi akisema "bosi, hii imekauka", mpe nailoni.

Hatua ya 5: Paka asubuhi, tabaka mbili nyembamba, kwa rola. Jua la saa saba linaacha vipovu. Gari lisubiri siku tatu.

MASWALI

— Mkuu, zege langu lina wiki moja, nipake?
Hatua ya 1.

— Fundi wangu anasema siku 28 ni mambo ya Wazungu.
Saruji inatoka kiwanda cha Wazo Hill pale Dar. Mwambie akaibishie yenyewe.

— Kaka, niko Kigamboni, watoto wanateleza nikipaka ya kung'aa. Halafu zege linatoa unga mweupe na hata sijapaka kitu.
Dada, umeuliza vizuri. Chukua ile inayonywewa na zege, ya sileni. Haiachi ngozi juu, kwa hiyo haiongezi utelezi na mvuke unapita. Unga huo ni chokaa ya saruji, maji huibeba yakija juu. Sugua kwa brashi kavu ndipo uoshe. Kabla ya kupaka dondosha maji: yakinywewa, zege liko tayari kupokea dawa.

— Na yale mabaka uliyatoaje?
Nilipitisha kiyeyusho cha sila ileile siku ya jua kali. Ngozi ikalainika, unyevu ukatoka. Barakoa usoni, moto mbali. Yamebaki machache getini, shemeji anadhani ni urembo.

— Oili ya gari je?
Mwaga maranda yalale nayo, asubuhi sabuni.

— Maranda napata wapi?
Kwa seremala, ndugu yangu.