Unakuja Dodoma kwenye usaili? Soma hii kwanza

Vyeti halisi, sio kopi peke yake. Kitambulisho, na majina yafanane na ya kwenye vyeti. Sweta, hasa Juni na Julai, maana upepo wa asubuhi huku ni mkali. Fika siku moja kabla. Haya unayajua.

Ambalo hujaambiwa ni hili: angalia unakaa na nani mkisubiri pale nje.

Mimi ni mtu wa kimya. Usaili wangu wa kwanza nilikaa benchi moja na kaka ambaye kila anayetoka alimdaka: "Wamekuuliza nini? Wakoje?" Dada mmoja akajibu, "Yule mama wa katikati hacheki." Basi. Moyo ukaanza kwenda mbio, viganja vikalowesha bahasha ya kaki hadi vidole vikaacha alama. Nilipoingia nikaulizwa kuhusu kazi niliyoifanya miaka miwili, kila siku. Sikukumbuka kitu. Nikabaki nakodolea macho chupa ya maji mezani.

Nilijiona mjinga, na sikuwa mjinga. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walieleza jaribio lao: unahutubia dakika 5 mbele ya jopo lisilotabasamu, kisha dakika 5 unapiga hesabu za kutoa kwa sauti, na mate yako yanapimwa kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa na hofu au msongo. Kwa wengi hupanda sana. Adrenalini, homoni inayofanya moyo uende mbio, huja ndani ya sekunde, ila kotisoli hujivuta, kilele chake ni dakika kama 20 hadi 30 baadaye, na ikizidi inakwamisha kukumbuka. Maana yake hofu uliyoipokea benchini inakukuta umeshaketi mbele ya jopo.

Yule kaka labda maongezi yalimtuliza. Miili haifanani, ujijue wewe ni yupi. Kama ni wa aina yangu, sogea pembeni, umpigie mtu anayekupenda. Mara ya pili nilimpigia mama mdogo, akanisimulia karanga alizokuwa anabangua kule Kongwa, usaili hakuugusa kabisa. Niliingia mikono imekauka.

Usilale kwa ndugu mwenye maneno, bora gesti. Kahawa kama hujaizoea, iache. Kunywa uji. Zima simu kabla ya kuitwa. Na bodaboda, patana bei kabla hujapanda.