Namna ya Kusoma Kitabu cha Tatu cha Douglas Adams kwa Kufuata Asili Yake

Anayetaka kukielewa vizuri kitabu cha Life, the Universe and Everything, kilichotoka mwaka 1982, asikichukulie kuwa ni mwendelezo tu wa vile viwili vilivyokitangulia katika mfululizo wa kuchekesha wa The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Vile vilitokana na mchezo wa redio ulioanza kurushwa na BBC mwaka 1978. Hiki kilizaliwa na hadithi ambayo Douglas Adams aliiandikia Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya msafiri wa nyakati aitwaye Daktari, na ambayo ilikataliwa.

Soma kwanza viwili vya mwanzo, hadi uwazoee wahusika wakuu, Arthur Dent na Ford Prefect, kwa uvivu wao. Ukifika kwenye uwanja wa Lord's jijini London, ambako roboti weupe wanatua katikati ya mechi ya kriketi na kupora kombe la Majivu (the Ashes), tuzo ya kriketi kati ya Uingereza na Australia, punguza mwendo. Majivu hayo, pamoja na mguu wa chuma wa roboti Marvin na kiini cha chombo cha anga cha Heart of Gold, ni vipande vya ufunguo mmoja wenye umbo la vijiti vya kriketi, na ufunguo huo ndio unaofungua gereza la sayari ya Krikkit. Mguu na chombo ni mali ya vile vitabu viwili vya mwanzo, kwa hiyo hapo ndipo ulipo mshono wa hadithi hizo mbili.

Sura za Krikkit zenyewe zirudie. Watu wake waliishi ndani ya wingu la vumbi, hawajaona nyota hata moja, mpaka mabaki ya chombo yalipoanguka kwao. Walipotoka nje na kuuona ulimwengu wote uking'aa, waliamua kwa utulivu kwamba lazima uteketezwe. Kwa maoni yangu hakuna kurasa zenye nguvu kuliko hizo katika mfululizo mzima.

Kila hatari inapozuka, jiulize ni nani anayejali. Hadithi ile ya Doctor Who ilimtegemea shujaa wa kuokoa ulimwengu, ilhali Ford anatafuta sherehe. Ndiyo maana mzigo unamwangukia mzee Slartibartfast, ambaye chombo chake kinaendeshwa kwa hesabu za bili ya mgahawani. Ucheshi mwingi wa kitabu umo katika pengo hilo.

Riwaya ya James Goss ya mwaka 2018, iliyomrudishia Daktari kisa chake, iache mwisho. Ukiianza mapema, utaujua mpango wa Krikkit kabla ya Slartibartfast kuueleza.