Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kambi ya Kiangazi ya Watu Wenye Ulemavu

Kambi ya kiangazi ambayo washiriki hulala hukohuko kwa siku kadhaa inadai maandalizi ya namna yake, kwa sababu mtu mwenye ulemavu haachi nyumbani kitanda chake tu, bali pia watu wanaojua mahitaji yake bila kuambiwa. Mama anajua kwamba mwanawe asiyezungumza akianza kukunja vidole anataka kwenda msalani, na dada anajua ni upande gani wa kumshika anapohamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Mambo hayo hayamo kwenye faili la hospitali, na mhudumu wa kambi, hata awe na moyo mwema kiasi gani, hawezi kuyabuni. Kwa hiyo kazi ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kufungasha mizigo, ni kuyaandika.

Maandishi hayo yasizidi kurasa mbili, maana yakiwa marefu hayatasomwa, na yaandaliwe pamoja na mhusika mwenyewe, ambaye ndiye mwenye haki ya kuamua ni siri zipi za mwili wake zielezwe na kwa nani. Kuandika kwamba mtu “anahitaji msaada wa kula” hakumsaidii mhudumu hata kidogo. Afadhali isemwe kwamba hula akiwa ameketi wima, kwa kijiko kidogo, husubiriwa ameze kabla ya kupewa tonge jingine, vinywaji vyake huongezewa uzito ili asipaliwe, na halazwi mara tu baada ya chakula. Vivyo hivyo ielezwe anavyosema ndiyo na hapana, maumivu yake yanavyoonekana, kinachomtuliza, kinachomtisha, na mara ngapi hugeuzwa usiku.

Kabla ya kulipa ada, uliza maswali na usitosheke na jibu la jumla kwamba kambi inapokea watu wote. Omba picha za bafu na choo, kwa kuwa huko ndiko mipango mingi hukwama: mlango una upana gani, kuna kiti cha kuogea na vyuma vya kujishikilia, na kifaa cha kumnyanyulia mtu mzima kipo au wahudumu hubeba kwa mikono? Njia ya mteremko inayofaa kiti cha magurudumu hupanda sentimita 1 kwa angalau kila sentimita 12 za urefu wake, na iliyo kali kuliko hapo humlazimisha mtu kusukumwa hata kama amezoea kujiendesha. Uliza pia wahudumu wangapi hubaki macho usiku, kama muuguzi analala kambini, na jinsi mshiriki kiziwi anavyoamshwa moto ukizuka, kwa sababu king'ora peke yake hakimfai.

Swali la usalama wa mwili wengi huona haya kuliuliza, nami nasihi liulizwe bila kumung'unya maneno. Nani humwogesha mshiriki na kumbadilisha nguo, je, mshiriki anaruhusiwa kuchagua mhudumu wa jinsia anayoitaka, rekodi za wahudumu zilichunguzwaje kabla ya kuajiriwa, na malalamiko yanapelekwa kwa nani? Kambi iliyojipanga vizuri itajibu papo hapo, na inayokasirishwa na maswali hayo imekwisha kujibu. Mshiriki naye aondoke nyumbani akijua namna ya kukataa kuguswa, iwe kwa sauti, kwa lugha ya alama au kwa picha kwenye ubao wake wa mawasiliano.

Dawa zote zibaki kwenye vifungashio vyake vya awali vyenye jina na kipimo, zikiwa na akiba ya siku chache pamoja na nakala ya maagizo ya daktari. Mwenye kisukari atahitaji mahali pa ubaridi pa kuhifadhia insulini, ambayo haitakiwi kugandishwa wala kuachwa kwenye gari lililofungwa juani. Kwa mwenye kifafa, iandikwe degedege lake huwa la namna gani, hudumu kwa muda gani, na dawa ya dharura itolewe likipita dakika ngapi. Watu wengi waliozaliwa na mgongo wazi wana mzio wa lateksi, yaani mpira wa asili, na hivyo glavu za wahudumu na hata maputo ya sherehe vinaweza kuwadhuru. Hili lisemwe mapema, si siku ya sherehe yenyewe.

Kiangazi huja na jua, na jua haliwapati watu wote sawasawa. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu huenda asitoe jasho chini ya jeraha, na baadhi ya dawa za kifafa, kama topiramate, hupunguza jasho, kwa hiyo kivuli, maji ya kunywa na kitambaa cha kulowesha viwe kwenye ratiba. Mwenye ualbino aende na kofia pana, miwani ya jua, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kujikinga yatakayomtosha hadi mwisho wa kambi. Kuogelea kunawezekana kwa mwenye kifafa, ila awepo mtu anayemtazama yeye tu. Mwenye sindromu ya Down aonane na daktari kuhusu uthabiti wa shingo kabla ya kupanda farasi au kupiga mbizi.

Kuhusu vifaa, chaji ya kiti cha umeme, betri za vifaa vya kusikia, mto wa kukalia na mipira ya mkojo ya akiba viandikwe jina la mwenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kulala mbali na familia, usiku mmoja au miwili kwa ndugu humwandaa vyema kuliko maelezo mengi. Mwenye usonji aoneshwe picha za bweni, ukumbi wa chakula na ratiba, na arudie kuzitazama mara kwa mara. Ahadi ya kumfuata mara tu atakapolia isitolewe. Kubalianeni badala yake siku na saa ya kupiga simu.

Siku ya kuwasili, mkabidhi muuguzi dawa ana kwa ana huku mkizihesabu pamoja, na mwoneshe kwa vitendo namna ya kumhamisha mhusika kwenye kiti. Siku ya kurudi, hesabuni tena, chukua daftari la dawa zilizotolewa, na jioni hiyohiyo kagueni ngozi ya makalio, visigino na kiuno kwa anayekaa muda mrefu kwenye kiti, kwa sababu wekundu usiofifia ukibonyezwa ni mwanzo wa kidonda.