Namna ya Kuunganisha Paneli ya Mbele ya Kasha na Ubao Mama

Wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza huniuliza zaidi kuhusu nyaya nyembamba zinazoning'inia mbele ya kasha kuliko kuhusu prosesa au kumbukumbu. Hofu yao ina msingi, kwa kuwa plagi zake ni ndogo kuliko ukucha, maandishi ya ubao hayasomeki bila tochi, na plagi ya sauti inafanana na ile ya USB kama pacha. Hata hivyo, waliobuni ubao wameacha alama inayomwongoza fundi karibu kila mahali, nayo ni pini iliyoondolewa makusudi. Ukizoea kuitafuta nafasi hiyo tupu kabla ya kuchomeka chochote, hutahitaji kubahatisha.

Hatua ya 1: Kata umeme wote.

Zima kompyuta, chomoa kebo ya umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki imalizike. Usitosheke na kuzima tu, maana ubao huendelea kupokea volti 5 za kusubiri muda wote kebo inapokuwa imechomekwa ukutani. Laza kasha ubavuni, gusa chuma chake kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini, na ufungue kitabu cha maelekezo cha ubao kwenye ukurasa wenye mchoro wa pini.

Hatua ya 2: Anza na kebo ya sauti.

Ninaitanguliza kwa sababu soketi yake huwa kwenye kona ya chini ya ubao, upande wa nyuma wa kasha, na kebo nyingi hufika huko kwa shida. Ipitishe nyuma ya bamba linaloshikilia ubao kabla nyaya nyingine hazijajaza njia. Tafuta maandishi F_AUDIO, AAFP au JAUD1. Soketi ina safu mbili za nafasi tano tano (1, 3, 5, 7, 9 katika safu moja na 2, 4, 6, 8, 10 katika nyingine), na pini ya 8 haipo, hivyo pengo liko nafasi moja kabla ya mwisho wa safu. Ikiwa kasha lako la zamani lina plagi mbili za sauti, moja ikiwa imeandikwa HD AUDIO na nyingine AC'97, tumia ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayouwezesha ubao kutambua kwamba spika za masikioni zimechomekwa.

Hatua ya 3: Unganisha USB 2.0.

Soketi hii nayo ina pini tisa, ila pengo lake liko mwishoni kabisa mwa safu, kwenye nafasi ya 9. Soketi moja huhudumia milango miwili. Ukiwa na ubao wa zamani, soma maandishi mara mbili, kwa sababu soketi ya FireWire, aina ya zamani ya muunganisho wa vifaa, ina umbo lile lile na pengo lile lile, lakini hubeba volti 12, na kifaa cha USB kilichoundwa kwa volti 5 kinaweza kuungua papo hapo.

Hatua ya 4: Unganisha USB 3.0 kwa subira.

Hapa ndipo nimeona madhara mengi kuliko mahali pengine popote. Soketi ina pini 19 nyembamba zilizozungushiwa ukuta wa plastiki, na pini moja ikipinda tu, milango yote miwili inaweza kunyamaza. Linganisha kijino cha plagi na mwanya wa ukuta, iweke juu bila kuikandamiza, kisha chungulia kutoka ubavuni uone kama imekaa sawa pande zote. Ndipo ubonyeze kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho. Ikikataa, itoe uangalie tena, usiongeze nguvu. Unapoichomoa siku nyingine, shikilia ukuta wa soketi kwa mkono wa pili, maana huweza kung'oka pamoja na plagi na kuacha pini zikiwa wazi. Pini iliyopinda hunyooshwa polepole kwa ncha ya sindano, ukiisogeza kidogo kidogo ili isikatike. Plagi ya USB-C ya ndani ni ndogo zaidi na huingia kwa upande mmoja tu.

Hatua ya 5: Panga nyaya ndogo.

Tafuta soketi iliyoandikwa F_PANEL, PANEL au JFP1. Katika mpangilio uliozoeleka, pini 1 na 3 ni za taa ya diski, 2 na 4 ni za taa ya umeme, 5 na 7 ni za kitufe cha kuanzisha upya, 6 na 8 ni za kitufe cha kuwasha, 9 haitumiki, na 10 haipo. Mchoro wa ubao wako ukisema vinginevyo, fuata mchoro.

Vitufe havina chanya wala hasi, kwa hiyo plagi ya PWR SW, yaani ya kitufe cha kuwasha, hufanya kazi hata ikigeuzwa. Taa zina mwelekeo: chanya iko kwenye 1 na 2, na mara nyingi waya wenye rangi ndio chanya, huku mweupe au mweusi ukiwa hasi. Taa iliyogeuzwa haiwaki, na kuigeuza upya kunatosha.

Mimi huzipanga plagi zote nne kati ya kidole gumba na cha shahada kwa mfuatano wa soketi, nikazisukuma kama kipande kimoja. Kuzichomeka moja moja huifanya ya mwisho ikose nafasi ya vidole.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kufunga.

Rudisha umeme na ubonyeze kitufe. Kompyuta isipowaka, gusanisha pini 6 na 8 kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja, bila kugusa pini za jirani. Ikiwaka, tatizo liko kwenye plagi au kitufe cha kasha. Kitufe cha kuanzisha upya kikiwasha kompyuta iliyozimwa, umebadilisha plagi mbili. Kisha chomeka flashi katika kila mlango, sikiliza sauti kwenye spika za masikioni, na ufunge nyaya mbali na feni.