Somo: Hesabu mirija ya mkojo (ureta) kwanza, ndipo utafute saratani

Mgonjwa anakojoa damu bila maumivu, na figo zake zimeumbika tofauti tangu tumboni mwa mama. Tusikimbilie uvimbe. Uvimbe mwingi unaopitwa hukaa mahali ambapo mpimaji hakujua kwamba papo.

Hatua ya 1: Uliza kuhusu upasuaji wa utotoni, mawe, maambukizi ya mara kwa mara na sigara. Mwanamke anayevuja mkojo tangu utotoni, ingawa haja ndogo anakwenda kawaida, huenda ana mrija unaomwaga ukeni.

Hatua ya 2: Pima mkojo na kriatinini (kipimo cha damu cha utendaji wa figo). Saitolojia (kukagua seli za mkojo kwa hadubini) hukamata vizuri seli za saratani kali, za daraja la juu, lakini huzikosa nyingi za daraja la chini, kwa hiyo majibu safi yasikutulize.

Hatua ya 3: CT (picha za eksirei za tabaka) ya njia ya mkojo, kwa awamu tatu: bila dawa ya kung'arisha picha, figo zikiwa zimenywa dawa, kisha dawa ikishuka kwenye ureta. Hapa msiwe na haraka, nawasihi. Figo za kiatu cha farasi zimeungana kwa chini, ureta hupita mbele ya daraja linaloziunganisha, na mkojo hutuama. Picha ya dakika ya 10 yaweza kuonyesha ureta tupu, ukadhani imezibwa. Mlaze kifudifudi, upige tena baadaye. Daraja nalo lisomwe. Kwenye altrasaundi gesi ya utumbo hulificha.

Figo ikiwa na ureta mbili, ile ya sehemu ya juu kwa kawaida hufungukia chini zaidi ya mwenzake. Sehemu hiyo ikiwa haifanyi kazi, haitoi dawa. Itafute kwenye awamu ya pili, figo zikiwa zimenywa dawa.

Hatua ya 4: Sistoskopi (kuchungulia kibofu kwa kamera). Hesabu matundu ya ureta, kagua kuba la kibofu (mabaki ya urakasi, mrija wa kibofu na kitovu wa tumboni mwa mama, huweza kuota adenokasinoma, saratani ya tezi), chukua baiopsi (kipande cha nyama cha kupima).

Maswali ya wanachama

Swali: Daktari, kriatinini ikiwa juu sana?
Jibu: MRI (picha za sumaku) huonyesha mkojo hata bila dawa. Ukiingiza dawa kutokea kibofuni, pitisha kila tundu. Kwenye figo yenye ureta mbili, tundu moja ni nusu ya figo tu.

Swali: Mwenye kiatu cha farasi lazima apate saratani?
Jibu: Hapana. Umbile hilo lipo kwa takriban mtu 1 kati ya 500, na wengi hawaugui. Ila mawe na maambukizi ya muda mrefu huongeza hatari, hivyo damu kwenye mkojo isisingiziwe jiwe bila kuchunguzwa.

Swali: Ripoti ya kabla ya upasuaji iwe na nini zaidi?
Jibu: Ateri (mishipa inayopeleka damu). Figo hizi mara nyingi hulishwa na kadhaa, nyingine zikitoka kwenye ateri za iliaki, zile za nyonga. Ongeza awamu ya ateri, uandike idadi na chanzo cha kila moja.