Somo: Kumrekodi mzee aliyepigana Vita vya Kagera

Wanakikundi, mwangaluka! Kijana aliyekuwa na miaka 20 Jeshi letu lilipovuka mpaka kumfuata Idi Amin Uganda mwaka 1979, leo yuko jirani na 70. Waliokuwa na 30 wanaielekea 80. Tusipoteze muda.

Hatua ya 1. Safari ya kwanza usirekodi. Nenda kasalimie, kunywa uji, eleza unataka nini na nani atasikiliza. Ongea na bibi pia. Yeye ndiye anajua dawa zinamlegeza mzee saa ngapi.

Hatua ya 2. Kaeni ndani. Uani kwetu Kirumba kuna bajaji, upepo wa ziwa na mabati yanayogonga. Sebule yenye makochi na mapazia haina mwangwi. Simu ilaze juu ya kanga iliyokunjwa ili isidake kila kikombe kinachowekwa mezani, kisha zima laini. Mimi sikuzima. Mjomba akapiga, kurekodi kukakatika pale mzee anapofika Kyaka na kukuta daraja limeshavunjwa. Nilikuja kugundua dakika 40 baadaye. Wiki iliyofuata alirudia, lakini kwa mkato, kama anasoma ripoti.

Hatua ya 3. Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiuliza "Babu, vita vilikuwaje?" utapewa hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kutangaza vita: uwezo, sababu, nia. Mwache amalize, kisha uliza, "Uliisikia ukiwa wapi? Redio ilikuwa ya nani?" Hapo sasa anaanza kusema ya kwake. Uliza vidogo: buti zilikutosha? Nani alikusindikiza siku ya kuondoka? Kule Masaka, Uganda, mlikula nini? Akinyamaza, nawe nyamaza. Wengi wetu tunaharibu kwa kumdakia.

Miaka ikimchanganya, shika alama: kabla ya Operesheni Vijiji (watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa) au baada? Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ameshafariki (1984)? Meli ya MV Bukoba ilikuwa imeshazama (1996)?

Msiwasahau waliobaki mjini. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilikuja kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Mama aliyekuwa sokoni siku hiyo naye ana vita yake ya kusimulia.

Hatua ya 4. Usiku huohuo lipe faili jina, tarehe na mahali. Nakala moja ikae kwako, nyingine nyumba tofauti.

MASWALI

Mwanachama, Nyegezi: Babu alisema Kampala ilianguka kabla ya Krismasi. Nimsahihishe?
Jibu: Hapana. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Andika hivyo kwenye daftari lako, sauti yake iache kama ilivyo. Huenda anachanganya na siku waliyoingia mji mwingine. Mwulize mvua ilikuwa inanyesha au la, utapata pa kuanzia.

Mwanachama, Sengerema: Wangu akipandwa na uchungu anahamia Kisukuma, na mimi nakielewa nusu nusu.
Jibu: Mwache aendelee! Ukimrudisha kwenye Kiswahili atarudi na maneno ya mkutanoni. Tafsiri utaifanya na shangazi jioni.

Mwanachama, Igoma: Anasema mengine ni siri ya jeshi.
Jibu: Hapo usisukume hata kidogo. Rudi kwenye barua, chakula, rafiki aliyelala naye handaki moja. Na jambo alilosema kisha akaomba lifutwe, lifute mbele yake aone.

Mwanachama, Buhongwa: Mzee wetu anadhani nimetumwa na serikali nishughulikie mafao yake. Katoa mpaka vyeti.
Jibu: Hili linatokea sana, na linauma. Mwambie kabla ya kuwasha, mwambie tena ukishazima: "Babu, mimi ni mjukuu tu, sina ofisi." Vyeti virudishe mkononi mwake, usiondoke navyo hata kwa kutoa kopi. Ukienda na kilo mbili za sukari si vibaya, ila mpe ukifika mlangoni. Ukimpa baada ya kusimulia, ataona umemlipa.