Anzia kwenye kifo: jinsi ya kufuatilia maisha ya mwanasoka wa zamani aliyekwenda vitani

Mimi ni shabiki wa Tottenham. Chekeni kwanza, tukimaliza tuendelee. Ushabiki huo ndio ulionifikisha kwa Walter Tull, mchezaji mweusi wa Tottenham aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na tangu hapo kila anayeniuliza namna ya kumtafuta mchezaji wa enzi zile aliyepigana vita namwambia aachane na magoli kwanza. Aanze na kifo.

Jeshi la Uingereza liliandika vifo kwa makini kuliko klabu zilivyoandika mechi. Tafuta jina kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ipo mtandaoni na ni bure. Kwa Tull utakuta luteni usu, kikosi cha Middlesex, aliyekufa 25 Machi 1918. Kaburi halimo. Mwili haukupatikana, kwa hiyo jina lake liko ukutani Arras, Ufaransa.

Ukishajua kikosi na cheo, nenda kwenye nyaraka za taifa zilizoko Kew, London. Shajara za vikosi zimo kundi WO 95 (WO ni War Office, wizara ya vita), na mafaili ya maofisa WO 339. Mtu wako akiwa askari wa kawaida, faili lake lingekuwa WO 363, ila zaidi ya nusu ya mafaili hayo yaliteketea kwa mabomu ya Wajerumani Septemba 1940. Ukikosa hapo, hamia kwenye kadi za medali, WO 372.

Faili la ofisa lisome taratibu. Fomu za maombi za wakati ule zilimuuliza mtu kama asili yake ni ya Kizungu halisi. Tull, aliyejiunga Desemba 1914 na batalioni ya wanasoka na kupigana Somme, Ufaransa, 1916, alikuwa mtoto wa seremala kutoka Barbados. Kanuni za jeshi hazikutaka mtu kama yeye aongoze wazungu. Hata hivyo alipewa uofisa tarehe 30 Mei 1917.

Sasa njoo kwenye soka, yaani magazeti. Usitafute jina la kwanza, halimo. Vikosi vilipangwa kipa, mabeki wawili, viungo watatu, kisha washambuliaji watano. Tull wa Tottenham mtafute kwenye mstari wa mwisho. Soma maelezo yote, si matokeo tu. Oktoba 1909, baada ya mechi ya Bristol, mwandishi mmoja alieleza jinsi baadhi ya watazamaji walivyomtukana kwa lugha chafu kuliko ya soko la samaki la Billingsgate. Tottenham ilimtumia mechi 10 tu za ligi. Klabu ya Northampton, chini ya kocha Herbert Chapman, alicheza zaidi ya 100. Tofauti hiyo huioni ukikariri magoli.

Utoto unapatikana kwenye sensa. Alizaliwa Folkestone 1888, mama akafa 1895, baba 1897, yeye na kaka yake Edward wakapelekwa kituo cha yatima Bethnal Green. Na hapa nasisitiza: wafuate ndugu pia. Edward alichukuliwa na familia ya Glasgow, akawa daktari wa meno, na ndiye aliyeandikiwa barua Walter alipouawa.

Barua hiyo inasema alipendekezwa kupewa Msalaba wa Kijeshi. Andika hivyo hivyo, kwamba barua inasema. Medali yenyewe hakupewa. Vilevile jihadhari na neno "wa kwanza". Wengi humwita ofisa wa kwanza mweusi wa jeshi lile, ilhali George Bemand, mzaliwa wa Jamaika, alipata uofisa 1915.

Kama unayemtafuta ni babu yako wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), shajara za Afrika Mashariki nazo zimo WO 95. Majina ya askari wetu humo ni haba, kwa hiyo waulize wazee wako kwanza jina la ofisa wake au kombania, ndipo ufungue faili.